Mwaka Niliopungua

Nilikwenda hospitali kwa sababu ya magoti. Nilidhani nitapewa dawa ya kupaka nirudi nyumbani. Badala yake nilivuliwa viatu, nikapandishwa kwenye mizani, nikapimwa presha, nikatobolewa kidole. Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani imemshuka mpaka ncha ya pua, na hakunizungusha.

"Mwalimu, sukari yako imefika mlangoni," alisema. "Haijaingia, lakini imepiga hodi."

Nilikuwa na miaka arobaini na minne na kilo tisini na sita.

"Nifanye nini, daktari?"

"Upungue. Tembea. Punguza mafuta na soda. Na ukipata mahali pa kunyanyua vitu vizito, nyanyua. Misuli inatumia sukari. Sisi wanawake wa umri huu tunafikiri hayo ni mambo ya vijana."

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya msingi hapa Rongo. Mume wangu ni mwalimu pia, upande wa Migori mjini, na hurudi nyumbani jioni. Nilikaa na maneno ya daktari siku tatu kabla ya kumwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba yeye alinipenda nilivyo. Najua alisema kwa wema. Lakini usiku huohuo nililala nikiwaza kwamba kuwa hivyo nilivyo ndiko kutakakoniua.

Jimu niliyoipata ilikuwa nyuma ya kinu cha kusaga mahindi. Mwenyewe alikuwa askari jela mstaafu, mtu mfupi mwenye shingo nene na sauti ya chini, na wote tulimwita kocha. Vyuma vingine alikuwa amevichomelea mwenyewe. Waliokuja jioni walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu na waendesha bodaboda, kwa hiyo mimi nilikwenda alfajiri, Jumanne na Alhamisi kabla ya shule, na Jumamosi, nikiwa nimevaa suruali ya michezo ya mume wangu na leso juu yake. Leso niliivua ndani.

Siku ya kwanza kocha hakunipa chuma. Aliniuliza, "Madam, una daftari?"

Nikacheka. Mimi, mwalimu, kuulizwa kama nina daftari.

"Hapa mtu anaandika," alisema. "Ulichonyanyua leo, mara ngapi. Na mara moja kwa mwezi unapima kiuno kwa utepe wa fundi wa nguo. Basi."

"Na kilo zangu?"

"Andika ukitaka. Lakini usihamie huko."

Sikumsikia. Wiki hiyohiyo nilinunua mizani ndogo, nikaificha chini ya kitanda. Kila asubuhi, kabla ya chai, nikitoka msalani, niliipeleka bafuni, nikavua kila kitu, hata pete, nikapanda juu yake. Nilijipima kama mtu anayesikiliza tumbo la mtoto mgonjwa. Tisini na sita. Tisini na tano na nusu. Tisini na sita. Mwisho wa wiki ya tatu, baada ya asubuhi tisa za kuchuchumaa na chuma mabegani mpaka nikashindwa kuketi vizuri kwenye kiti cha darasani, mizani ilisema tisini na saba.

Nililia nikiwa nimesimama palepale. Mume wangu alibisha mlango akiuliza kama niko salama, nikamwambia sabuni imeniingia machoni.

Kocha alinieleza. Alisema mwili ulioanza kunyanyua hushika maji, na msuli mchanga una uzito wake. "Ngoja," alisema. "Mafuta yanatoka taratibu. Mizani haijui ni kipi kimeingia na kipi kimetoka." Niliitikia kwa kichwa kama wanafunzi wangu wanavyoniitikia, nikarudi nyumbani nikafanya nililotaka.

Nililotaka lilikuwa kuacha kula. Asubuhi chai kavu. Mchana, walimu wenzangu wakipakua githeri, mahindi na maharagwe, nilisema nina gesi. Jioni niliwapakulia watu wa nyumbani ugali na mboga, mimi nikasema nilikula shuleni. Na mizani, ambayo ilikuwa imeninunia wiki tatu nzima, ikaanza kunichekea. Tisini na tano. Tisini na tatu. Tisini na moja na nusu. Sijui kama nimewahi kufurahi vile kwa sababu ya kitu kisichokuwa na uhai. Nilikuwa nikisikia kizunguzungu kila nikiinama kuokota chaki, nikakihesabu kuwa sehemu ya kazi.

Jumamosi moja nilikuwa chini ya chuma, nimechuchumaa, na sikuinuka. Nakumbuka mlio wa kinu ukienda mbali. Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, damu kwenye nyusi, na chuma kimeshikiliwa na vile vizuizi viwili ambavyo kocha alivichomelea kwa ajili hiyo. Bila vizuizi hivyo nisingekuwa nikiandika haya.

Alinifunga kitambaa kichwani, akaniletea uji wenye sukari, akangoja ninywe wote. Ndipo akachukua daftari langu. Alikaa mbele yangu akifunua kurasa moja moja.

"Wiki ya tatu ulinyanyua thelathini. Wiki ya nne, thelathini. Wiki ya tano ishirini na saba. Leo ishirini na tano zimekuangusha." Akainua macho. "Kwa nini, Madam?"

"Nimepungua," nilisema. Nilisema kwa fahari kidogo, hata nikiwa na damu usoni.

"Umepungua nini?"

Nilishika kitambaa cha kichwani.

"Nimekaa gerezani miaka ishirini na sita nikilinda watu," alisema. "Nimeona watu wakipungua. Kupungua si kazi. Mtu yeyote anaweza kupungua. Umekula nini jana?"

Nikamwambia. Alifunga daftari. Kisha akasema nisirudi mpaka niwe nimekula wiki nzima: mayai, maharagwe, omena wa ziwani, ugali wa kiasi. Na mizani nimpe mtu aifiche.

Nilimpa mume wangu. Ilibidi nimweleze kila kitu, sabuni ya machoni na githeri na jeraha la usoni. Alitoka nje na mizani kwapani, na sikujua aliiweka wapi kwa miezi mingi. Tangu siku hiyo alikula mezani nami, akinitazama mpaka nimalize.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole, na yalikwenda sawa. Utepe ulianza sentimita mia moja na kumi na moja kiunoni. Mwezi uliofuata mia moja na nane. Halafu mia moja na sita. Nilinyanyua arobaini, kisha hamsini. Nilipanda ngazi za shule nikiongea. Nilipokwenda kliniki baada ya miezi mitano, daktari alinipandisha kwenye mizani yake, na nilikuwa na tisini na mbili tu, nusu kilo zaidi ya siku za njaa, lakini fundi alikuwa ameshapunguza sketi zangu mara mbili. Sukari ilikuwa imerudi nyuma hatua moja. Mwezi wa tisa wa mazoezi nilikuwa na themanini na tano, na uso wangu ulikuwa umebadilika. Mashavu yaliingia, mifupa ya chini ya macho ikatokeza.

Hapo ndipo taabu nyingine ilipoanza.

Kwetu, ukanda huu wa ziwa, mtu akikonda hasifiwi haraka. Wazee husema ni chira, adhabu ya mwiko uliovunjwa. Wengine hawasemi chochote; hukutazama shingo, kisha humtazama mumeo. Jioni moja mume wangu alirudi kutoka Migori akakaa bila kuvua viatu. Mwalimu mwenzake alikuwa amemvuta kando, akamwuliza kwa upole kama Madam ameanza dawa, na kama yeye mwenyewe amepima.

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia unanyanyua vyuma."

"Akasema?"

"Akasema pole."

Tulicheka, lakini kicheko chake kiliisha kabla ya changu. Nilijua habari kama hiyo haikai Migori; itafika Homa Bay, kwa mama. Barabara ya kwenda Homa Bay inapita Rodi Kopany, na Rodi Kopany siku ya soko kila mtu ana ndugu.

Lazima niseme sasa habari za dada yangu, kwa sababu bila yeye yanayofuata hayaeleweki.

Dada alinizidi miaka minne. Alifanya biashara ya omena katika kisiwa cha Remba, akinunua kwa wavuvi, akianika na kusafirisha. Alikuwa mnene kama mimi. Ni mwili wa upande wa baba. Miaka kumi na miwili iliyopita alikuja nyumbani kwa mama, nje kidogo ya mji wa Homa Bay, akiwa amepungua. Gauni lilimkaa kama la msichana. Tulimzunguka. Akasema kisiwani anatembea sana, na ameacha mafuta. Mimi ndiye niliyepiga makofi. Mimi ndiye niliyesema, "Umependeza, niambie siri," na nilimaanisha, kwa sababu nilikuwa namwonea wivu. Mara ya pili alipokuja alikuwa amepungua zaidi, na nikamsifu tena. Mara ya tatu aliletwa. Virusi vya UKIMWI vilikuwa vimemkula miaka bila dawa, na dawa zilikuwepo, za bure, hata kule kisiwani. Alikuwa na aibu ya kuonekana kwenye foleni. Alikufa wiki ya tatu baada ya kuletwa.

Kwa hiyo mama alipofika Rongo Ijumaa moja asubuhi, shule zikiwa zimefungwa, bila kupiga simu, akiwa na samaki mkavu amefungwa kwenye gazeti, nilijua kilichomleta. Ana miaka zaidi ya sabini na miguu inamsumbua. Huwa hasafiri bila sababu. Hakunisalimu vizuri. Alinishika kifundo cha mkono, akakizungushia kidole gumba na cha kati, akaona vinakutana.

"Nyathina," alisema. Mwanangu. Tulizungumza Kijaluo, na nikiyaandika maneno hayo kwa Kiswahili yanapoa, lakini siwezi kuyafanya vinginevyo. "Nyathina, unameza dawa?"

"Mama, mimi si mgonjwa. Ninanyanyua vyuma. Daktari alisema."

"Dada yako alitembea. Wewe unanyanyua."

Alikwenda jikoni. Hakutaka msaada. Alipika ugali mkubwa, mlima, na yule samaki mkavu, kwa nyanya na chumvi tu, kama alivyotupikia utotoni. Akauweka mbele yangu akaketi mkono ukiwa shavuni. Nilikula mpaka nikaumwa. Kila nikipunguza mwendo alisukuma sahani karibu. Yule kocha aliyeniamuru nile na mama aliyeniamuru nile walitumia neno moja, lakini la mama lilinishuka kooni kama jiwe.

Nilimwonyesha daftari. Nilimwonyesha kurasa, tarakimu zikipanda upande huu na kushuka upande ule. Mama hajui kusoma. Aliligusa jalada akalirudisha.

"Basi twende hospitali," nikasema. "Tukapime wote wawili, ukiwa umekaa karibu nami."

Tulikwenda mchana uleule. Majibu yalitoka upesi: sikuwa na virusi. Nilimpa mama karatasi, nikitabasamu, kama mtoto aliyeleta ripoti nzuri. Aliishika, akaigeuza upande wa nyuma, kisha akaikunja mara nne.

"Dada yako pia alinionyesha karatasi," alisema.

"Karatasi gani?"

"Mara ile ya pili alipokuja. Nilimwuliza kama amepima. Akatoa karatasi kwenye mkoba, akanipa, akasema mama, tazama, niko sawa. Nilifurahi. Nilimshukuru Mungu." Aliifinya karatasi yangu kiganjani. "Alipokufa nilimpelekea mchungaji aisome. Ilikuwa ya malaria."

Hilo sikuwahi kulisikia. Miaka kumi na miwili hakuwa amelitoa.

"Mama, kwa nini hukunionyesha mimi? Mimi ningeisoma."

"Wewe?" Hakuwa na hasira, ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa nayo. "Wewe ulikuwa unamsifu."

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la nje, watu wakipita. Nilitaka kujitetea. Nilitaka kusema kwamba hata mimi nilidanganywa, kwamba sikuwa daktari. Kilichotoka mdomoni kilikuwa, "Ni kweli." Mama akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba tulikuwa tumekubaliana bei ya kitu. Nikaingia tena ndani, nikamwomba nesi atoke amwambie mama yeye mwenyewe, kwa Kijaluo, kwa mdomo wake. Nesi alikuja, akachuchumaa mbele yake, akamweleza kila kitu, akajibu kila swali. Mama alimshukuru sana. Tukiondoka aligeuka mara mbili kumtazama nesi, na nilijua anajiuliza kama nimemlipa.

Kesho yake, Jumamosi, nilipoamka alfajiri nilimkuta amevaa, ameketi sebuleni na kitambaa kichwani.

"Nionyeshe hayo mavyuma," alisema.

Kocha alimletea kiti. Wanawake wengine wawili waliokuwepo walimwamkia wakaendelea na kazi zao. Siku hiyo kocha aliniambia nianze na vyepesi. Nilipanda taratibu. Thelathini, arobaini, hamsini na tano. Kisha akaongeza sahani nyingine ya chuma, sitini na tano, uzito ambao sikuwa nimewahi kuutoa chini. Hakuniuliza kama niko tayari. Nilishika, nikavuta pumzi, nikavuta chuma, na kilikaa sakafuni muda mrefu kabla ya kukubali. Nilisimama nacho. Nilikiweka chini.

Mama alimwita kocha. "Wewe baba, unaona watu wengi hapa. Huyu ni mgonjwa?"

Nilitarajia amwambie hapana. Lilikuwa neno moja tu, na mwanamke mzee alikuwa amesafiri kwa ajili yake.

"Mama, mimi sijui kilicho ndani ya mtu," kocha alijibu, kwa Kijaluo chake kibovu cha mtu wa kuja. "Ninachojua ni alichonyanyua mwezi jana na alichonyanyua leo. Cha leo ni kizito zaidi. Mtu anayekwisha hafanyi hivyo."

Mama alifikiria. Kisha machozi yakamshuka, hakuyafuta, na akasema, si kwangu wala kwa kocha, "Yule nilimbeba mimi mwenyewe kutoka kwenye boti. Mgongoni. Kama kuni."

Mwanamke mmoja alikuja akamshika bega. Mimi nilibaki nimesimama na vumbi la chaki ya kushikia vyuma viganjani. Nilikuwa nimedhani nikinyanyua vya kutosha, jambo lile litakwisha.

Alirudi kwake Jumapili baada ya kanisa. Kabla ya kuondoka alinishika mkono wa juu, akaufinya, akausikia mgumu. "Sawa," alisema. "Nimeamini. Lakini usipungue tena. Ishia hapo."

"Daktari anasema kilo saba zaidi, mama."

"Ishia hapo."

"Kama umeamini mimi si mgonjwa, kwa nini?"

Alifunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga tena. "Ulipokuwa mnene ulikuwa wewe," alisema. "Sasa umechukua uso wake. Yule wa mara ya pili."

Nilipobaki peke yangu nilikwenda kwenye kioo, na alikuwa amesema kweli. Mashavu yale, mifupa ile. Mwaka mzima nilikuwa nikimtafuta mtu mwembamba ndani yangu, na aliyetokea alikuwa yeye, akiwa na afya, akiwa na umri ambao hakuufikia.

Sikuacha. Ningependa kusema nilifikiria sana, lakini Jumanne ilifika nikaenda. Sukari haina habari na uso wa mtu. Nimepungua kilo nne kati ya zile saba, na daktari ameridhika, na kila utepe ukishuka nafurahi na kuona vibaya kwa pamoja. Mama hajanikataza tena. Wala hajanisifu, na sina haki ya kumtaka anisifu.

Mimi huenda kumwona mama kila mwisho wa mwezi. Mara za kwanza nilikuwa nikiingia uani kimyakimya, nikimkuta ameketi mlangoni, na uso wake ulifanya kitu ambacho sitaki kukieleza. Alinitazama mara moja, kisha akageuka upande wa ziwa mpaka niseme neno. Dada alikuwa na sauti nzito, karibu ya kiume. Yangu ni nyembamba. Kwa hiyo siku hizi naanza kuongea nikiwa bado barabarani. Naita kuku, naita jirani, nauliza habari za mvua, naongea mambo yasiyo na maana yoyote, kwa sauti, mpaka nifike alipo.